Marahaba Kutoka Kabatini

Mlango wa mbele wa nyumba yao ulikuwa na vitasa viwili, makomeo mawili na mnyororo, na bado kila siku kabla ya kulala mwenye nyumba aliusukuma kwa bega kuona kama utatikisika. Watu walimwita Mama Kufuli. Alikuwa fundi wa vitasa na funguo, mwanamke pekee wa kazi hiyo mtaa mzima, na kazi aliijua hasa. Shida ni kwamba aliijua kupita kiasi. Wewe na mimi tukifunga mlango tunalala, kwa sababu hatujui. Yeye alikuwa amekwisha kufungua vitasa vya kila namna kwa waya na bisibisi, mchana kweupe, mbele ya wenyewe waliojifungia nje, na alijua kwamba hakuna mlango unaomzuia mtu aliyeamua kuingia. Kujua jambo kama hilo na kupata usingizi ni vitu viwili tofauti.

Sasa mtu wa namna hiyo akajaliwa mtoto mmoja tu, wa kike, tena mwenye mdomo. Walimwita Chiriku kabla hajatimiza miaka mitatu, maana akiamka anaanza kusema, na akilala anamalizia ndotoni. Alikuwa amefikisha miaka kumi na mmoja, yuko darasa la tano, na bado alipelekwa shule kwa kushikwa mkono. Si mkono kwa maana ya vidole, jamani. Alishikwa kifundo cha mkono, kama mtu aliyekamatwa. Mama alimfikisha mpaka langoni, akamkabidhi kwa mwalimu wa zamu, akasubiri mwalimu aitikie, ndipo akamwachia. Watoto wenzake waliyaona makabidhiano hayo kila asubuhi wakampa jina jingine. Walimwita Mzigo.

"Mzigo umefika," walisema. "Nani anatia sahihi?"

Chiriku alinyamaza na jambo hilo muhula mzima, na kwa Chiriku kunyamaza ni ugonjwa. Siku alipolitoa alilitoa lote, mezani, na machozi yakimdondokea kwenye sahani. Akasema kama ni hivyo afadhali apakiwe kwenye gunia, abandikwe karatasi ya anwani, mambo yaishe.

Kulikuwa pia na neno la siri, nalo lazima nilieleze mapema, maana bila hilo hutaelewa jinsi mama mtu mzima alivyokuja kuadhirika. Mama Kufuli alikuwa amesikia, au ameota, haijulikani, kwamba watu wabaya huja shuleni wakasema, "Mama yako kanituma nikuchukue." Basi akaweka utaratibu. Mtu yeyote akimtaka Chiriku aende naye, au amfungulie mlango, au ampe kitu, Chiriku amtegee kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Hicho kila mtu anakijua tangu hajaota meno. Jibu lake ni yai. Ndiyo sababu yai lilikuwa kosa. Jibu linalotakiwa lilikuwa la uongo, linajulikana na watu watatu tu wa nyumba ile, na lilibadilishwa kila Jumamosi. Wiki moja jibu lilikuwa pasi. Wiki nyingine likawa sufuria. Iliwahi kuwa mjomba, na baba mtu akalisahau, akaachwa nje mvua inanyesha, mtoto wake wa kumzaa akimwambia dirishani, "Samahani, sikufahamu."

"Na ukiwa wewe, mama?" Chiriku aliwahi kuuliza.

"Hata nikiwa mimi," alijibu mama yake. "Sauti huigwa."

Kauli hiyo iweke akiba, tutaihitaji.

Baba yake Chiriku alikuwa msoma mita za maji, mtu wa kutembea mitaani kutwa nzima, mpole, asiyependa ugomvi. Lakini jioni ile ya machozi alisukuma sahani pembeni akasema, "Mama Chiriku, mimi kila siku napita nyumba mia, na walionihangaisha ni mbwa wawili tu. Mtoto atatembea lini?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema mkewe.

"Na mimi ni nani hapa, mpangaji?"

Wakajadiliana mpaka chakula kikapoa. Mwisho wakafikia sharti. Shangazi yake Chiriku, dada wa baba, alikuwa na saluni ng'ambo ya barabara kubwa, mwendo wa robo saa. Alikuwa ameagiza kabati kwa seremala, la kuwekea mafuta na mashine za nywele, na Mama Kufuli ndiye aliyelitia kitasa. Kilikuwa kitasa cha kujifunga chenyewe: ukisukuma mlango tu, kwap, kimejifunga, na kwa ndani hakina hata tundu. Ufunguo wake ulikuwa mmoja na ulikuwa tayari. Basi Jumamosi Chiriku aupeleke ufunguo ule saluni peke yake, amkabidhi shangazi mkononi, arudi peke yake. Akifaulu, Jumatatu anakwenda shule kwa miguu yake na wenzake. Akishindwa, yaani akipotea, au akimpa ufunguo mtu mwingine, au akimfungulia mtu asiye na neno, mjadala umefungwa mpaka darasa la saba.

"Na wewe usinifuate," alisema Chiriku.

"Sitakufuata."

"Sema mbele ya baba."

"Sitakufuata," alisema Mama Kufuli mbele ya baba, akiwa kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Na neno la wiki hii nichague mimi."

Hilo walimpa bila ubishi. Lilionekana dogo.

Jumamosi saa tatu kasorobo Chiriku alisimama kwenye mlango wa karakana ya mama yake, viatu vimefungwa, ufunguo umetiwa mfukoni na mfuko umefungwa kwa pini. Mama yake alikuwa amechuchumaa mbele yake akimfunga upya kamba za viatu ambazo zilikuwa hazina ubaya wowote, na mdomo ulikuwa haupumziki. Atembee kandokando. Asitembee kandokando sana, kuna mifereji. Asisalimiane na watu asiowajua, lakini asiwe mtoto asiye na adabu. Pale barabarani atazame kulia, kushoto, kulia tena, halafu atazame mara nyingine kwa ajili ya mama yake. Chiriku aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio la mama, akamnong'oneza neno la wiki.

"...na ukiona mbwa usikimbie," mama alikuwa akisema. "Mbwa humfukuza anayekimbia."

"Umelisikia, mama?"

"Nimesikia, nimesikia. Na kama ni mbwa wawili?"

Chiriku akamtazama kidogo, akaenda zake. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mama Kufuli akarudi kwenye mashine yake akachonga ufunguo wa mteja. Akauharibu. Akachukua chuma kingine, akakibana kwenye jiriwa, akachonga, akauharibu na huo. Akaweka tupa chini. Jirani yake hapo alikuwa fundi viatu, mzee wa maneno machache, maana kutwa nzima alikaa na misumari midomoni.

"Mzee mwenzangu," alisema Mama Kufuli, "mimi nilisema sitamfuata."

"Mh," alisema fundi viatu.

"Kumfuata mtu si ni kwenda nyuma yake?"

"Mh."

"Sasa mtu akipita uchochoroni akatokea mbele, huyo amefuata?"

Fundi viatu akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo. "Huyo ametangulia," alisema.

"Umesema wewe," alisema Mama Kufuli, na kabla mzee hajarudisha misumari mdomoni alikuwa amekwisha kuingia uchochoroni na aproni yake ya kazi, mbio, akiruka ndoo za watu na kuomba radhi hewani. Karakana aliiacha wazi. Mwanamke mwenye vitasa viwili, makomeo mawili na mnyororo aliiacha karakana wazi kabisa, na hakulikumbuka hilo mpaka aliporudi.

Alitokea barabara kubwa hana pumzi. Hapo palikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu, na kando ya kivuko ilikuwepo karakana ya seremala, ambaye hupanga kazi zake nje ili wapita njia wazione. Kabati la wifi yake lilikuwa limesimama pale pale, limepakwa vanishi, linang'aa, milango miwili iko wazi ikiendelea kukauka. Seremala alikuwa ndani anapiga randa kwa mashine na kelele zake hazikumruhusu kusikia kitu. Mama Kufuli akatupa jicho njiani. Kichwa cha Chiriku kilikuwa kinakuja, na vibanio vyake viwili vya rangi ya chungwa. Hapakuwa na nguzo ya kujificha. Hapakuwa na gari lililoegeshwa. Akaingia kabatini akavuta milango.

Kwap.

Kwanza hakuelewa. Kisha akapapasa kwa vidole mahali ambapo kwa ndani kitasa kingekuwa na tundu, akakumbuka nani aliyekichagua, nani aliyekifunga kwa skrubu nne, na nani aliyejisifu kwa wifi yake kwamba hiki hata mwizi akizaliwa humo ndani hatoki. Waya na bisibisi vilikuwa karakanani. Ufunguo wa pekee ulikuwa unakuja njiani, mfukoni mwa mtoto, umefungwa kwa pini. Wahenga walishasema mganga hajigangi, lakini nadhani hata wao hawakumfikiria mganga aliyejifungia kabatini.

Hata hivyo hakupiga kelele. Hesabu yake ilikuwa rahisi: atulie, mtoto apite, avuke, kisha amwite seremala taratibu, na siri ifie hapo. Milango ilikuwa haijakutana sawasawa, katikati palibaki ufa wa kupitisha kisu, akaweka jicho.

Akamwona Chiriku akifika kivukoni. Dereva wa pikipiki akapunguza mwendo, akamwambia, "Njoo nikuvushe, mtoto." Chiriku akamwamkia, akamshukuru, akabaki pale pale mpaka mtu yule akaenda zake. Akatazama kulia, kushoto, kulia tena. Akatazama mara nyingine, na mama yake kabatini akashika kifua, kwa sababu ile mara nyingine ilikuwa yake. Machozi yakamlenga, pua ikamwasha, vanishi nayo haikusaidia. Akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ya kujaa kabati. Chiriku akasita, akageuka. Akaliangalia kabati kuanzia juu mpaka miguuni. Akasogea hatua mbili, akasimama kwa heshima kama alivyofunzwa, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," lilisema kabati.

Naomba umwonee huruma mama wa watu. Angeweza kuzuia kilio, angeweza kuzuia hata pumzi, lakini ni mtu mzima gani mwenye malezi anayeiacha shikamoo ya mtoto ikining'inia hewani? Neno lilimtoka lenyewe, na lilipotoka akaziba mdomo kwa mikono miwili, kumekucha.

Muuza magazeti wa hapo kando aliangusha mabunda yake. "Kabati limeitikia," alisema. Akamwita seremala, seremala akazima mashine akatoka na vumbi la mbao kwenye nyusi, wapita njia wawili watatu wakasimama, na kwa muda mfupi pakawa na kikundi.

"Chiriku," ilisema sauti ya ndani, kwa upole sana, "nifungulie, mwanangu. Ufunguo unao."

"Hiyo si sauti ya Mama Kufuli?" alisema seremala.

"Sauti huigwa, mzee," alisema Chiriku. "Halafu mama yangu yuko karakanani. Aliniahidi mbele ya baba kwamba hatanifuata, na mama yangu si mwongo."

Kabati likatikisika kidogo.

"Sikukufuata," lilisema. "Nilitangulia."

Seremala akageuka pembeni akaanza kukohoa, kikohozi cha mtu anayeficha jambo. Chiriku mwenyewe alikuwa amejiuma mdomo wa chini mpaka umekuwa mweupe, mashavu yamevimba, na mama yake aliyaona yote hayo kwa jicho moja kupitia ufa. Alijua kwamba mtoto anajua. Alijua pia kwamba sheria ni yake mwenyewe, ameitunga yeye, kaisimamia yeye, na ile "hata nikiwa mimi" aliisema kwa kinywa chake.

"Nyumba yangu haina mlango," alisema Chiriku.

"Yai," walijibu muuza magazeti, seremala na wapita njia kwa pamoja, na fahari usoni.

"Siyo."

"Siyo vipi?" alisema muuza magazeti. "Hicho mimi nilitegewa na bibi yangu. Ni yai."

"Yai ni jibu la watu wote," alisema Chiriku. "Namuuliza aliye ndani."

"Pasi," lilisema kabati.

"Hilo la mwezi uliopita."

"Sufuria. Mjomba. Ndoo. Chiriku, sikiliza, mwamvuli."

"Mwamvuli haijawahi kuwa," alisema Chiriku. "Umebahatisha."

Seremala akaona ni wajibu wake kusema kitu. Akasema bawaba ziko kwa ndani, na akivunja mlango ameharibu kazi ya wiki mbili. Sauti ya ndani nayo ikasema kwa ukali asithubutu kugusa kitasa, kitasa kile ni kizuri. Hata kabatini fundi ni fundi. Chiriku akafungua pini, akatoa ufunguo, akautazama, na watu wote wakautazama, na mama yake akautazama kwa jicho lile moja. Ulikuwa mbali naye kiasi cha hatua moja. Mtoto angemfungulia, na Jumatatu angeshikwa kifundo, na mpaka darasa la saba wangeuliza nani anatia sahihi.

Chiriku akaurudisha mfukoni, akafunga pini.

"Unapata hewa?" aliliuliza kabati.

"Napata."

"Una kiu?"

"Sina."

"Basi subiri. Nimetumwa kwa shangazi, siwezi kusimama njiani." Akageuka kwa seremala. "Mzee, tafadhali msimwache juani."

Akarudi kivukoni. Akatazama kulia, kushoto, kulia, na mara nyingine, akavuka. Mama Kufuli aliyemshika mtoto huyu kifundo miaka yote alikuwa amefungwa mahali ambapo mkono wake haufiki popote. Lori likapita likauziba ule ufa wote. Moyo ulimwenda mbio akadhani utagonga mlango. Lori likaondoka, na ng'ambo ya pili vile vibanio vya chungwa vikatokea, vinaenda zao juu chini, juu chini, na kwa mwendo ule alijua kabisa kwamba Chiriku sasa alikuwa anacheka peke yake mpaka anayumba. Mama Kufuli akajikuta na yeye anacheka, gizani, na vumbi la mbao puani.

Kicheko hakikudumu, kwa sababu hapo ndipo walipofika wasukuma mkokoteni wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, waliotumwa na shangazi kulichukua kabati.

"Zito hili," alisema mfupi. "Ndani kuna nini?"

"Kuna mtu," alisema seremala.

"Anashuka?"

"Ufunguo umekwenda saluni."

Mrefu akafikiri. Akasema kama ufunguo uko saluni na kabati linakwenda saluni, basi mtu huyo yuko katika njia sahihi, na wao wameambiwa wafike kabla ya saa nne. Hakuna aliyeweza kulipinga hilo. Wakalipandisha mkokotenini likiwa limesimama, milango ikitazama mbele, wakalifunga kamba, wakasukuma, na sauti ya ndani ikawa inawaelekeza: kuna shimo kushoto, kuna shimo kulia, polepole jamani mna mzazi humu.

Chiriku alikuwa akisimama kusalimia kila duka, wakamkaribia, na ndivyo mama alivyomfuata mtoto wake kwa lazima, hatua hamsini nyuma, amesimama wima ndani ya kabati, bila uwezo wa kusema "rudi". Hakuwahi kumwona kwa mbali hivyo. Siku zote alimwona kwa juu, utosi na mabega, kama unavyomwona mtu uliyemshika. Sasa alimwona mzima. Alimwona akisimama kumsubiri mlemavu wa baiskeli ya mikono apite kwanza. Alimwona anavyomkwepa mbwa, tena wawili, bila kukimbia. Alisikia watu wa madukani wakimwita kwa jina, Chiriku, hujambo, na mama hajambo, na yeye akijibu, "Hajambo, anakuja nyuma." Mtaa mzima walimjua mtoto wake, na yeye hakuwa na habari.

Saluni ilikuwa imejaa. Shangazi mtu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti, na alipoona kabati linaingia na huku Chiriku amekwisha kumsimulia yote, akafuta mikono kwenye taulo, akaenda akasimama mbele ya ule ufa.

"Wifi, karibu," alisema. "Leo umekuja na nyumba yako kabisa."

"Nifungulie, wifi."

"Ufunguo nimekabidhiwa mkononi, kama ulivyoagiza. Lakini mtoto anasema hujajibu." Na kwa kweli alikuwa anaona raha ya miaka mingi, maana huyu ndiye wifi aliyemtilia kitasa hata kwenye boksi la sabuni.

Mteja mmoja mzee, kichwa kizima cha rola, akanyanyua mkono kama yuko darasani. "Ni yai, wajukuu zangu," alisema. "Mfungulieni."

Chiriku akatikisa kichwa.

Ndani ya kabati Mama Kufuli aliirudia asubuhi yake yote. Aliona kamba za viatu. Aliona mdomo wa mtoto ukija sikioni mwake. Aliusikia mdomo wake mwenyewe ukisema mbwa, mbwa, mbwa. Neno halikuwepo. Halikupotea, halikuwahi kuingia.

"Chiriku," alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine hata shangazi akaacha kutabasamu. "Neno silijui. Uliniambia asubuhi na mimi nilikuwa naongea. Sikukusikiliza."

Mtu akazima mashine ya kukaushia nywele.

"Na kutangulia ni kufuata tu, mwanangu, sina la kujitetea. Niliogopa. Naogopa kila siku. Leo nimekuona unavuka barabara, na umevuka vizuri kuliko mimi."

Chiriku akasogea kabatini. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni, midomo inamcheza. Akaweka mdomo kwenye ufa.

"Tega sikio," alisema. "Usiseme kitu."

Mama akatega, hakusema kitu. Mtoto akanong'ona. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akasimama vizuri, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Nyumba yangu haina mlango."

Kabati lilivuta kamasi kwanza.

"Nyumba yetu," lilisema.

Hakuna aliyecheka. Shangazi akatia ufunguo akauzungusha, kitasa kikaachia bila kelele, maana kilikuwa kizuri kweli, na Mama Kufuli akatoka na aproni yake, vumbi la mbao kichwani, vanishi kwenye kiwiko, akapiga magoti palepale sakafuni kwenye nywele za watu. Alimkumbatia mtoto wake kwa mikono yote miwili. Hakumshika kifundo. Kisha mzee wa rola akauliza kama sasa anaruhusiwa kujua kwa nini siyo yai, na hapo ndipo saluni nzima ilipovunjika mbavu, wasukuma mkokoteni wakakaa chini, shangazi akamwegemea wifi yake akilia kwa kucheka, na Mama Kufuli ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Haya, naenda," alisema Chiriku baadaye. "Kurudi nako ni sharti. Peke yangu."

Mama yake akafungua mdomo. Shangazi akamkalisha kwenye kiti, akamlaza kichwa kwenye beseni, akafungua bomba. "Wewe unaoshwa nywele," alisema. "Kwa vumbi hilo ni nusu saa." Mtu mwenye povu mpaka masikioni hamfuati mtoto wala hamtangulii. Chiriku akarudi salama, akakuta fundi viatu ameilinda karakana, na mama yake alipofika alimkuta amekaa kwenye stuli yake anamwambia mteja kwamba fundi yuko saluni, atarudi.

Jumapili Mama Kufuli alikaa mlangoni kwake na bisibisi kutwa nzima. Aliondoa kitasa kimoja na mnyororo. Makomeo aliyaacha, akasema tutaona. Baba mtu alikaa kando yake. Alimshikia skrubu kiganjani.

Jumatatu asubuhi Chiriku alisimama kizingitini na mkoba wake, wenzake wanamsubiri kwenye kona, wameacha kulitaja lile jina, maana habari za mzigo ulioletwa kwa mkokoteni zilikuwa zimefika shuleni kabla yake.

"Hutanifuata," alisema.

"Sitakufuata."

"Wala hutatangulia."

"Wala sitatangulia."

"Wala baba."

Baba yake, aliyekuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja, akakivua.

Kisha Chiriku akamwita mama yake kwa kidole, maana lile la Jumamosi lilikuwa limeshasikiwa na saluni nzima, wakahitaji jipya. Mama Kufuli akainama. Alikuwa na mambo kumi na manne ya kusema, juu ya mifereji, juu ya malori, juu ya mvua, na yote yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi. Akafunga mdomo, akatega sikio, akalisikia neno lote mpaka mwisho wake. Mimi ninalijua, lakini msiniulize. Yale ya nyuma nimeyataja kwa sababu muda wake umekwisha. Hili bado linatumika.